Kuni za kahawa iliyonyauka tusizibebe

Jamaa mlio mbali na mashamba yenu, leo sileti habari za barabara wala za usalama. Naleta habari za kahawa ya mama mkubwa wangu, upande wa Mbau, katika teritware ya Beni.

Tulipokimbilia mjini, shamba lilibaki miezi mingi bila mtu. Siku tulipoweza kurudi kuangalia, tulikuta miti 6 ya robusta imenyauka. Majani yamegeuka manjano na kuanguka, lakini matunda yamebaki kwenye matawi, mekundu kabla ya wakati wake. Mama mkubwa akasema ni kiangazi. Nami nikakubali. Nikaikata kwa panga, nikafunga kuni, maana mjini kuni ni pesa. Kabla ya kuondoka nikapunguza matawi ya miti mizima, kwa panga lile lile.

Miezi iliyofuata, ile niliyoipunguza nayo ikaanza kunyauka. Agronomu mmoja alikuja, akakwangua ganda la shina karibu na ardhi. Ndani mlikuwa na weusi wa kibuluu. Akatuambia: hiki si kiangazi, ni trakeomikozi. Ni kuvu inayoingia kwenye kidonda cha mti na kuziba njia za maji, hata mti ukafa kwa kiu wakati mvua inanyesha. Dawa ya kuuponya hakuna. Ndiyo iliyomaliza robusta ya wazee wetu, wengi wakageukia kakao.

Alitufundisha hivi. Mti mgonjwa ung'olewe na mizizi yake, uchomwe pale pale uliposimama. Panga lipite motoni kabla ya kugusa mti mwingine. Karibu na shina tupalilie kwa mkono, jembe lisije likalijeruhi. Tuweke nyasi kavu kuzunguka mti, zisiguse shina, ili kiangazi kisiutese. Na miche tusiitoe kwenye shamba lenye ugonjwa.

Najua, kwa mtu anayeishi kwa kuhifadhiwa, fungu la kuni ni chakula cha jioni. Kuliacha liungue shambani kunauma. Lakini kuni zile zinasafirisha ugonjwa hadi kwenye mashamba ya wale waliotupokea.

Mama mkubwa amebaki na miti 11. Kila tukipata njia ya kwenda kuiangalia, hanisahaulishi kitu kimoja: kiberiti kwanza, panga baadaye.