Stima Haiuzwi kwa Chupa

Makomredi, likizo ndefu iliyopita wengi wenu mlikuwa atachi. Mimi nilikuwa dereva wa mayai.

Shangazi yangu, ambaye amenilipia karo tangu mwaka wa kwanza, hununua mayai kwa wafugaji wa Limuru na kuyasambaza kwa maduka na vibanda vya Kinoo, Uthiru, Kangemi hadi Kawangware. Gari lake ni Probox ya gia za mkono ambayo imepita kilomita laki tatu, na ambayo siku hizi hula pesa za makanika karibu sawa na za mafuta. Nikisema karo yangu iko ndani ya hiyo Probox, sitanii. Wiki ikilala gereji, mimi huanza kuandika barua ya kuomba kuongezewa muda wa kulipa.

Basi jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa anauza Nissan Leaf yake, zile za mwanzo zenye betri ya yuniti 24. Shangazi alipiga hesabu ya akiba yake kwenye sacco akaona anaweza kuchukua mkopo. Lakini yeye si mtu wa kununua kitu kwa kusimuliwa. Akamwomba Mwalimu atuachie gari wiki mbili. Mzee akakubali, sharti lake likiwa moja tu: lirudi likiwa na chaji. Kisha Shangazi akanigeukia.

"Wewe ndiye unasomea uinjinia. Lakini sitaki hesabu za darasani. Endesha zote mbili, halafu uniambie unaonaje. Na uhesabu mayai yaliyovunjika."

Ikawa hivyo. Leo Probox, kesho Leaf, barabara ileile, mzigo uleule: trei 60, yaani mayai 1,800.

Nianze na kuondoka. Kuendesha Probox ni kazi ya masikio. Unawasha, unangoja injini ipate joto kidogo, unaachia klachi polepole kwa sababu ukiiachia vibaya trei zote zinasukumana. Mlio ukipanda unajua ni wakati wa gia ya juu. Mkanda ukipiga mluzi unajua wiki haitaisha kabla hujamwona fundi. Hata Shangazi, ambaye haendeshi, akiwa jikoni huweza kusema gari limeamka vizuri au limeamka na kisirani.

Leaf haina hayo yote. Unabonyeza kitufe, taa za dashibodi zinawaka, basi. Siku ya kwanza Shangazi alikaa pembeni yangu dakika nzima akiningoja.

"Washa twende."

"Shangazi, imewaka."

Akatazama nje kama mtu anayetaka kuhakikisha hatudanganywi. Nikakanyaga mafuta (tuliendelea kuiita hivyo, jina lingine hatukuwa nalo) na gari likateleza kutoka getini bila hata kutikisika. Sababu yake ni rahisi. Injini ya petroli haina nguvu ikiwa inazunguka polepole. Ndiyo maana ikapewa klachi na gia. Mota ya umeme hutoa nguvu yake ya kuzungusha tangu gurudumu likiwa limesimama, kwa hivyo hakuna gia ya kubadilisha wala mshtuko wa katikati. Ukiingia barabara kuu pale Kinoo, matatu zikija kama zimefukuzwa, unapata nafasi na unaitumia papo hapo. Na Probox huwa nangoja nafasi mbili: ya barabara na ya injini.

Tofauti kubwa zaidi niliiona mlimani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Limuru zaidi ya mita 2,200. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua, na injini inayochoma petroli inahitaji hewa kama mtu anayekimbia. Probox ikifika karibu na Limuru naisikia ikihema, nashuka hadi gia ya tatu, lori linanipita. Mota ya Leaf haipumui. Inapanda mlima kwa nguvu zilezile ilizokuwa nazo chini, isipokuwa ukitazama dashibodi utaona asilimia za betri zikishuka mbio. Kuinua gari la kilo 1,500 mita 500 kwenda juu peke yake ni karibu yuniti 2, kabla hujahesabu upepo na lami.

Lakini mlima huo hulipa kidogo. Wakati wa kurudi na mayai, ukiachia pedali, mota inageuka kuwa jenereta: inalivuta gari nyuma taratibu na kurudisha stima kwenye betri. Siku moja nilitoka Limuru na asilimia 58, nikafika chini na 60. Probox kwenye mteremko huohuo inakula breki, na ukisimama Uthiru unanusa harufu yake. Mayai yalipenda Leaf. Kwa idadi sawa ya safari, Probox ilivunja 26, Leaf 11. Hayo 11 ni ya mashimo, na shimo halijali unatumia nini. Tena Leaf iko chini, kwa hivyo matuta ya mitaani nilikuwa nayapita kwa dua.

Sasa mambo ambayo hayako kwenye matangazo.

La kwanza ni baridi. Mnaojua Limuru ya Julai mnaielewa. Kwenye Probox unafungulia hita na haikugharimu chochote, kwa sababu sehemu kubwa ya petroli unayonunua haigeuki mwendo, inageuka joto, na joto hilo lipo tu linatafuta pa kwenda. Mota ya umeme haipotezi hivyo, kwa hivyo haina joto la kukupa. Ukiwasha hita ya Leaf, inachota kwenye betri ileile ya safari. Tuliizima, tukavaa majaketi, Shangazi akajifunga leso mbili. Tulikuwa ndani ya gari la kisasa tukitetemeka kama watu waliopanda pikapu nyuma.

La pili ni kimya. Kwenye gari la petroli kimya ni dalili ya ugonjwa. Hapa kimya ndiyo afya. Unasikia kinywaji kikitikisika kwenye chupa, unasikia mazungumzo ya watu walio kando ya barabara. Nilikipenda kimya hicho mpaka nilipoingia njia za ndani za Kangemi. Huko watu hutembea katikati ya njia na hujilinda kwa masikio. Hawageuki nyuma, mlio ndio huwasogeza. Leaf ina spika ndogo ya kutoa sauti ikiwa mwendo wa chini, lakini kati ya redio za vibanda na kelele za welda haisikiki. Mama mmoja wa mboga aliniambia, "Kijana, wewe unatembea kama paka. Siku moja utagonga mtoto wa mtu." Hakukosea. Ulaya waliliona jambo hilo: tangu Julai 2019 kila aina mpya ya gari la umeme inayoidhinishwa huko ni lazima itoe mlio ikiwa mwendo wa chini, na tangu Julai 2021 sharti hilo ni la magari yote mapya. Mimi nilipata sharti langu: vioo wazi, redio juu, mguu mwepesi.

La tatu ndilo lililoamua kila kitu, na halikuwa barabarani.

Fikiria jinsi sisi hununua petroli. Taa ya mafuta ikiwaka, unaingia kituo cha mafuta kilicho karibu na kuweka ya mia tatu. Ukizimikiwa porini, mtu wa boda anakuletea lita moja kwenye chupa ya soda. Petroli ni ghali lakini ina subira na maskini: inauzwa kidogo kidogo, popote, kwa yeyote. Stima ni rahisi zaidi. Safari yetu ya kilomita 70 ilikula Probox lita 5 na nusu, na lita moja ikiwa karibu shilingi 180 hiyo ni 990. Leaf ilikula yuniti 13 kutoka kwenye soketi, na yuniti ikiwa karibu shilingi 30 hiyo ni 390. Shilingi 600 kila siku, siku tano kwa wiki: elfu 12 kwa mwezi. Shangazi aliposikia hesabu hiyo alinyamaza. Nilijua anaweka kila shilingi mahali pake.

Lakini stima haiuzwi kwa chupa. Inataka uwe na kwako.

Wiki ya kwanza tulichajia kwa Mwalimu, ana geti lake na soketi yake. Wiki ya pili Shangazi akasema tujaribu kama tutakavyoishi, yaani kwenye ploti tunayopanga. Keateka akatupa waya kutoka chumba cha mlinzi. Fundi wa stima akaja kuangalia, akatikisa kichwa: chaja ile huvuta kama birika la umeme, ila birika huchemka dakika chache likazimwa, gari huvuta saa tisa mfululizo. Waya mwembamba unaweza kuungua. Akatuwekea mnene, Shangazi akalipa. Usiku wa pili wapangaji wakaanza kuuliza nani anakula tokeni za taa za nje. Usiku wa nne stima ikapotea saa saba. Asubuhi dashibodi ikaonyesha asilimia 41, na safari yetu hula karibu 70. Mayai yalikuwa yanangoja Limuru. Tukawasha Probox ikakohoa, ikaenda.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichotumwa kuchunguza. Dereva wa petroli ana wasiwasi wake mchana, kwenye pampu. Dereva wa umeme ana wasiwasi wake usiku, kitandani, akisikiliza kama friji ya jirani bado inanguruma.

Nilimpa Shangazi ripoti tukiwa tunapanga trei. "Gari ni zuri. Kuendesha ni raha kuliko Probox, na lina faida. Ploti yetu ndiyo haiko tayari."

"Kwa hivyo ninunue gari, au ninunue ploti?"

Alimwendea mwenye ploti, akajitolea kulipia mita yake mwenyewe na soketi ya pale maegesho. Mwenye ploti akakataa. Akasema leo ni gari moja, kesho ni wapangaji kumi. Sikumlaumu sana, laini inayoingia pale ni ya taa na pasi. Mwalimu akauza Leaf kwa mtu mwenye boma lake.

Watu wa boda wameshalipatia jambo hili jibu. Hapa Nairobi na kule Kigali wapo wanaoendesha pikipiki za umeme bila kuwa na soketi: betri ikiisha wanaingia kituoni, wanaacha tupu, wanachukua iliyojaa, dakika chache wako barabarani. Betri ya pikipiki mtu huibeba kwa mkono. Ya Leaf ina uzito wa karibu kilo 300, haibebeki. Kwa hivyo gari la umeme, kwa sasa, linampunguzia gharama yule ambaye tayari ana geti. Sisi tunaosomea mota na betri darasani tungefanya vyema kutazama pia waya wa ukutani kwenye ploti tunazoishi. Hapo ndipo Shangazi alipokwama.

Akiba yake bado iko sacco. Probox imebadilishiwa klachi, na mimi karo ya muhula huu nimelipa nusu. Siku hizi Shangazi anatafuta nyumba nyingine. Zamani akienda kuangalia nyumba alikuwa anauliza kwanza habari ya maji. Sasa anaanza kwa kuuliza gari litalala wapi, na soketi iko umbali gani.