SEHEMU YA 12: Kijiko cha uji



Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua leo ilikuwa zamu ya somo la kumwanzishia mtoto uji. Naomba mnivumilie. Uji nitauandika, ila leo si wa mtoto.

Wiki tatu zilizopita tumemzika bibi hapa Mvumi, uwele ukiwa umeanza kutoa masuke. Mwaka aliozaliwa hakuujua. Wazee wetu wa Ugogo wanahesabu kwa njaa. Mama yake bibi alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya 1917 mpaka 1920. Bibi mwenyewe, kwa hesabu tulizopiga na mchungaji, alizaliwa miaka kama kumi baada ya Dayosisi yetu ya Central Tanganyika kuanzishwa mwaka 1927. Yaani alikuwa anaikaribia tisini.

Nawaambia haya ili mjue alivyokuwa na chakula. Mtu aliyelelewa na mtoto wa Mtunya hatupi hata punje. Ukifika kwake, kabla hujasema shida iliyokuleta, umeshawekewa ugali wa uwele na mlenda. Ukisema umeshiba anauliza, "Unaumwa?" Kwa bibi, kumpenda mtu ni kumlisha, basi.

Sasa fikirieni siku alipokataa kula.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu imevimba, akilala chali pumzi inakata. Daktari alikaa na sisi akatueleza kwa upole: dawa zitampunguzia shida, lakini huu moyo hauwezi kurudi ulivyokuwa. Bibi akaomba arudi nyumbani. Mjomba akataka apelekwe Dodoma mjini. Mama akasema tumsikilize mwenyewe. Halafu wote wakanigeukia mimi: "Wewe ndiye nesi, sema."

Nikasema arudi nyumbani. Nililisema kwa sauti ya kazini, kavu. Moyoni nilikuwa na mpango wangu na Mungu ambao sikumwambia mtu: mimi nitamtii bibi, na Yeye atamwinua.

Siku ya nne nyumbani bibi alikuwa analala karibu kutwa nzima. Mikono baridi. Anapumua, anakaa kimya kidogo, anapumua tena. Dalili hizo nazijua. Ndugu wa wagonjwa wangapi nimewakalisha kwenye benchi nikawaambia: mwili unaoaga hauhitaji tena chakula kama zamani, na haoni njaa kama mnavyodhani. Msimlazimishe, atapaliwa. Lowesheni midomo kwa kitambaa safi, mgeuzeni taratibu, mshikeni mkono. Inatosha.

Jioni ile nikakoroga uji mwepesi, nikamwinua bibi, nikampelekea kijiko mdomoni. Akafunga meno. Nikasukuma.

Mama zangu, nilisukuma. Uji ukaingia, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama akaninyang'anya bakuli bila kusema neno. Bibi alipotulia akaniangalia, akaniambia kwa Kigogo, polepole, kwamba yeye amekula vya kutosha. Kisha akauliza, "Wewe umekula?"

Nikatoka nikaenda kulia nyuma ya nyumba. Ule uji ulikuwa wangu, haukuwa wa bibi. Niliogopa kwamba nikiweka kijiko chini nitakuwa nimekubali, na Mungu akiona nimekubali, atamchukua.

Alimchukua siku ya pili yake, alfajiri. Mama alikuwa amemshika mkono mmoja, mimi mwingine.

Kwenye msiba kuna mtu aliniambia, "Nyie watu wa hospitali imani yenu ndogo. Mngeomba bila kukata tamaa angekuwepo." Sikumjibu. Ila neno lile liliniingia, nikakaa nalo usiku kadhaa. Ni kweli niliomba huku namhesabia pumzi. Je, hiyo ni imani ndogo?

Kilichonisaidia ni Lazaro. Yesu alimfufua, tunahubiriwa kila mwaka. Lakini jamani, Lazaro yuko wapi leo? Alikufa tena. Siku moja alizikwa mara ya pili, na safari hiyo jiwe halikuondolewa. Hata muujiza ule mkubwa ulimpa muda tu. Na Yesu, aliyejua anachokwenda kufanya, alisimama pale akalia kwanza. Kama Yeye alilia, mimi kulia nyuma ya nyumba si dhambi. Na kama tumaini letu ni ufufuo, basi halikuwa limening'inia kwenye kijiko changu.

Sitawadanganya kwamba nimeshapona. Kuna siku kanisani nasimama kuimba, sauti haitoki. Siku hizo nasimama tu, wenzangu wananiimbia.

Sasa mtoto. Wangu ana miaka mitano. Siku ya msiba mtu mzima mmoja, kwa nia njema, akamwambia, "Bibi amelala." Usiku mtoto akagoma kulala. Nikimfunika anakaa. Mpaka aliponiuliza, "Mama, nikilala na mimi mtanizika?" ndipo nikaelewa.

Nikamkalisha nikamwambia ukweli kwa maneno mafupi. Bibi hajalala, amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi kabisa. Hapumui, hasikii baridi wala maumivu. Hatarudi nyumbani. Sisi tunaamini Yesu atamfufua, na mama analia kwa sababu anammisi. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na uji nani atampa?"

Nikamjibu, "Haoni njaa tena."

Akalala. Mimi nikabaki macho, nikijua nimejisikia mwenyewe nikilisema kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo mama zangu, ya leo ni haya tu. Mtoto usimwambie marehemu amelala au amesafiri. Ataogopa kulala, au atamsubiri mlangoni. Tumia neno lenyewe, jibu anachouliza, na asipouliza mwache acheze. Akiuliza jambo lilelile mara kumi, jibu mara kumi. Na kama nyumbani kuna mzee anayeelekea ukingoni, muulize daktari au nesi bila aibu: "Ni wakati wa kumlisha au wa kumshika mkono?" Ukiambiwa ni wa mkono, weka bakuli chini. Hujamnyima. Hujakosa imani.

Na wewe unayeuguza, umekula?

Wiki ijayo, Mungu akipenda, uji wa mtoto wa miezi sita. Safari hii kweli.