Noseli mpya, ugonjwa uleule

Haya wadau, nimepotea humu karibu mwezi mzima, na nasikia wengine mlishaanza kusema nimedisko. Sijadisko! Nilikuwa likizo nyumbani Ngokolo, Shinyanga, na nusu ya likizo yenyewe nilikuwa na oili mpaka kwenye nyusi. Leo nataka kutubu mbele yenu.

Mzee wangu ana mashua ya mizigo kule Nkome, upande wa Geita, yenye injini ya dizeli ya silinda nne ndani. Ndiyo inayonilipia ada. Bumu, si mnajua tena, linaishia kwenye msosi na madesa.

Wiki ya kwanza tu ya likizo simu ikalia: mashua imepoteza nguvu katikati ya maji, injini inagonga ka-ka-ka na kukohoa. Walifika ufukweni kwa kubahatisha. Kwetu kanda ya ziwa, tangu MV Bukoba izame tarehe 21 Mei 1996, chombo kikizubaa majini watu hawapigi kelele. Wananyamaza tu.

Mzee akaniambia, "Wewe si ndiye injinia? Nenda." Kifua kikajaa. Mwaka wa tatu, uhandisi mitambo, nani kama mimi!

Kufika Nkome nikafanya kipimo kilekile cha darasani. Injini ikiwa inanguruma, unalegeza nati ya bomba la dizeli la silinda moja moja. Silinda nzima ukiinyima dizeli, mngurumo unashuka. Ya kwanza ikashuka, ya pili ikashuka. Ya tatu nikalegeza, kimya, hakuna mabadiliko. Ya nne ikashuka. Kwa hiyo silinda ya tatu ilikuwa imekufa, na hapo nilikuwa sahihi kabisa.

Kosa lilifuata. Nikatangaza kwa sauti ya profesa: "Noseli zimekufa, tununue zote nne." Mzee akauza ng'ombe, noseli zikaja, nikafunga. Tukawasha.

Ka-ka-ka. Ugonjwa uleule.

Vijana wa pale ufukweni hawakuwa na la kunisaidia. Wao wamekulia kwenye zile mashine za kufunga nyuma ya mtumbwi, nyingi ni stroki mbili, na hizo hazina valvu za kusukumwa na kemshafti. Usiku nikampigia mjomba, kaka yake mama, ambaye ana gereji yake pale Ngokolo. Kazi yake kubwa ni injini za mashine za kusaga unga na zile za makarasha ya wachimbaji wa dhahabu. Bahari hajawahi kuiona.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kabla ya kununua noseli, uliihamisha ile ya namba tatu ukaiweka namba mbili?"

Kimya. Maana ugonjwa ungehama na noseli, basi ni noseli. Ungebaki palepale namba tatu, noseli haina kosa. Kipimo cha dakika ishirini, tena cha bure.

"Kisafisha hewa kikoje ndani?"

"Kina masizi meusi, mjomba." Nilikuwa nimeyaona siku ya kwanza nikayafuta kwa tambara!

"Masizi yanatafuta nini kwenye mlango wa kuingilia hewa? Moshi umekosa pa kutokea, unarudi ulikoingilia hewa. Asubuhi fungua kava ya juu, uzungushe injini kwa mkono, uangalie."

Kwa ambao hamsomi mitambo: kila silinda pale ilikuwa na milango miwili, valvu ya kuingiza hewa na valvu ya kutoa moshi. Kemshafti inainua fimbo ya chuma, yaani pushirodi, fimbo inasukuma roka, roka inabonyeza valvu ifunguke. Springi inairudisha.

Asubuhi nikafungua, nikazungusha kwa spana. Valvu saba zikawa zinacheza vizuri. Ile ya kutoa moshi ya silinda ya tatu ilikuwa inatikisika tu kidogo. Nafasi kati ya roka na valvu ilipaswa kuwa milimita 0.30. Pale niliingiza vibati vya fila geji vyote kwa pamoja na bado vikacheza. Nikachomoa pushirodi, nikaiviringisha juu ya kioo. Ikawa inarukaruka. Imepinda!

Tukafungua silinda hedi, nikaitia kwenye kiroba, basi mpaka Kahama, kisha Shinyanga. Watu wa Ngokolo tumezoea maji ya Ziwa Victoria kutufuata kwa bomba kutoka Ihelele, tangu mradi ule uzinduliwe mwaka 2009. Safari hii na hedi ya mashua ikayafuata, teh teh!

Mjomba aliigeuza geuza akauliza kama injini iliwahi kuchemka. Iliwahi, magugu maji yaliziba njia ya maji ya kupoozea. Basi: joto likagandisha masizi kwenye mti wa valvu, valvu ikakwama, kemshafti haina huruma ikaendelea kusukuma, kilicho dhaifu kikapinda. Nikasema tuinyooshe kwa nyundo. Akakataa: "Ikishapinda imejifunza njia, itapinda tena." Pushirodi mpya haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya noseli.

Siku mbili nilipekecha valvu kwa mikono, kijiti na dawa ya kusagia, kama mtu anayewasha moto wa porini. Tukamimina mafuta ya taa kwenye matundu ya hedi, hakuna tone lililovuja. Nkome tukafunga na gasketi mpya, nati tukikaza kutoka katikati kwenda pembeni. Tapeti nikaseti kwa kanuni ya tisa: valvu ya 1 ikiwa wazi kabisa unaseti ya 8, ya 3 unaseti ya 6, jumla lazima iwe tisa.

Ikanguruma kama mpya.

Mzee akafurahi. "Kumbe zile noseli zilisaidia." Mjomba alikuwepo, akaangalia ziwani, hakusema neno. Ningeweza kuitikia tu, wadau, na nawaambia kweli nilitamani. Nikamwambia, "Hapana baba. Noseli za zamani zilikuwa nzima. Nilikosea."

Akakaa kimya muda mrefu. "Dukani wanapokea?"

"Hawapokei."

"Basi zile za zamani ziweke, iko siku zitahitajika."

Ziko juu ya kabati Ngokolo, nne, nimezifunga kwenye gazeti. Mashua inafanya kazi, ada ya muhula imeshalipwa. Lakini kila nikishika desa lolote la injini naiona ile kamba ya ng'ombe imebaki mtini.

Haya, Jumatatu nina testi, ngoja nikapige msuli. Panapo majaaliwa.