Chupa ya Dozi Mia, Zizi la Ng'ombe Wawili

Chamazi, Temeke,
Dar es Salaam.

Mwanangu mpendwa,

Bibi yako miguu inamsumbua kidogo, ila mdomo haujambo kabisa. Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwalimu wako hapo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, anataka kichwa cha utafiti, wewe unaegemea mapele ngozi ya ng'ombe, na wenzako wanakucheka kwamba ugonjwa huo umeshaandikwa ukaisha. Waache wacheke. Kirusi chenyewe kimeandikwa sana. Mfugaji wa Mbagala au Bunju mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, huyo hajaandikwa vya kutosha.

Juzi jirani wa Mbande aliniita nimwangalie ng'ombe wake. Kustaafu uafisa mifugo hakusaidii, watu bado wanakugongea geti. Nikamkuta ana homa, machozi na kamasi zinamtoka, tezi za begani zimevimba, na kuanzia shingoni mpaka kwenye kiwele mapele magumu kama korosho zilizosukumwa chini ya ngozi. Maziwa yamekatika. Muuza dawa alishamchoma sindano ya oksitetrasaiklini. Dawa hiyo kirusi haikigusi. Kazi yake ni kuzuia vidonda visiingiwe na bakteria wengine. Na maziwa machache yaliyobaki yalikuwa yanakwenda kwa mama wa chai, siku za kungoja dawa iishe mwilini hazijahesabiwa. Nilisema nilichosema.

Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1929, Zambia ya leo. Wataalamu wa wakati ule walidhani ni sumu ya majani au mzio wa kuumwa na wadudu. Ilibidi ufike Botswana na Afrika Kusini miaka ya 1940 ndipo ikakubalika kwamba unaambukiza. Wadudu kweli wamo, lakini kazi yao ni kubeba: nzi wa mazizini wanaouma, mbu, na kupe. Kenya uliingia 1957. Mwaka 2019 ukavuka kwenda Bangladesh, India na China, na Juni 2025 ukapiga hodi Italia na Ufaransa. Ufaransa waliua makundi mazima na kuchanja yaliyo jirani, wafugaji wakaandamana. Huku kwetu ng'ombe akiugua, mwenyewe anatafuta mnunuzi kabla mapele hayajaonekana vizuri, na kirusi kinapanda gari pamoja naye.

Chanjo ipo, ya kirusi hai kilichopunguzwa makali, hutolewa kila mwaka. Hapa kuna hadithi ambayo ningependa uisome vizuri. Kenya kulikuwa na chanjo iliyotokana na kirusi kilichochukuliwa kwa kondoo na mbuzi, kinaitwa KSGP O-240. Kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa ni cha ndui ya kondoo, na ng'ombe wakachanjwa nacho wakingwe na mapele ngozi. Vinasaba vyake vilipokuja kusomwa, kikaonekana ni kirusi cha mapele ngozi chenyewe, na makali yake hayajapungua vya kutosha kwa ng'ombe. Ndiyo maana baadhi ya waliochanjwa walikuwa wanatoa mapele. Mfugaji aliyekuwa analalamika kwamba chanjo imemuuguza ng'ombe wake aliambiwa ni imani potofu. Kumbe alikuwa ameona.

Sasa shida ya hapa Dar. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 ziliruhusu ng'ombe wasiozidi 4, nao wafungiwe ndani. Ufugaji huo ulishika kasi miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haifiki katikati ya mwezi na watumishi wa serikali wakageukia mabanda. Kwa hiyo mfugaji wa mjini ni mdogo kwa sheria na kwa eneo. Lakini chupa ya chanjo mara nyingi ni ya dozi 50 au 100, na ukishaichanganya lazima iishe ndani ya saa chache, ikiwa kwenye barafu, mbali na jua. Nani atafungua chupa ya dozi 100 kwa ajili ya ng'ombe 2? Kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 inashughulikia homa ya mapafu kwa ng'ombe, sotoka kwa mbuzi na kondoo, na kideri kwa kuku. Mapele ngozi mtu anajitegemea.

Angalia walivyofanya kwa kuku. Chanjo ya I-2 ya kideri ilitengenezwa Australia na kina Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, na maabara yetu ya Temeke ikaanza kuizalisha. Inavumilia joto, inadondoshwa jichoni, na mama wa kijijini anaweza kuitumia mwenyewe. Waliibuni wakimfikiria mwenye kuku wachache asiye na friji.

Kwa hiyo chukua mtaa mmoja, tuseme hapa Chamazi. Hesabu mabanda yote. Uliza nani amewahi kuchanja, kwa bei gani, na kwa nini wengine hawakuchanja. Kisha jaribu kuwakusanya wachangie chupa moja siku moja, mwezi wa Januari, ili kinga iwe imejengeka masika yakianza na nzi wakiongezeka. Inahitaji kama wiki tatu. Na wagonjwa utakaowakuta, chukua magaga ya vidonda uyapeleke maabara ya Temeke. Ni sampuli rahisi kuliko damu, maana kirusi hukaa kwenye gaga kavu zaidi ya mwezi. Binadamu hakimdhuru, lakini vaa glovu na uoshe buti kabla ya kuingia banda la pili. Wewe usiwe ndiye nzi.

Mpelekee mwalimu wako swali hili wiki hii, kabla hajakupangia la kwake. Nauli ya kuja nitatuma kwa simu.

Ni mimi shangazi yako.