Wenyeji wa Tumbawe

Niliua kaa wawili waliokuwa wakilitunza tumbawe langu, na nilikwisha kuambiwa nisiwaguse. Hilo la pili ndilo linaloniuma. Kama ningekuwa sijui, ningekuwa na pa kujitetea. Mimi niliambiwa na mtu anayeijua bahari, nikamwona hajui.

Kiburi changu kilianzia kwenye maji. Ukifuga viumbe vya baharini Njiro, mbali na pwani na juu kiasi hiki, kila mgeni anayeingia sebuleni atakuuliza umewezaje na maji ya Arusha. Ni swali la haki. Maji yanayoshuka kutoka Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Meno ya kahawia ya watu waliokulia upande wa Maji ya Chai na Usa River yanatosha kuwa ushahidi. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku viko visima vinavyopita hapo mara kadhaa. Kichekesho ni kwamba maji ya bahari yenyewe yana kama miligramu 1.3, kwa hiyo matumbawe na floraidi si wageni. Shida inaweza kuja na dawa yake. Kwetu kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambavyo vimefanyiwa utafiti pale Ngurdoto, na kwa maji ya kunywa ni msaada mkubwa. Lakini mfupa umejaa fosfeti, na fosfeti ikivujia kwenye tangi ni mbolea ya mwani. Hilo nililijua mapema. Nikanunua mashine ya kuchuja kwa utando, nikawa nachanganya chumvi mpaka kipimo kisome gramu 35 kwa lita. Wageni wakanisifu. Nikavimba kichwa.

Tumbawe lenyewe lilitoka Tanga, kwa mzee mmoja mvuvi. Hapa naomba niseme lote: sikuwa na kibali, wala sikutafuta. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ni ya mwaka 1994, na Tanga ina hifadhi yake, ile ya Silikanti, tangu 2009. Sikumuuliza mzee amelitoa upande gani, kwa sababu sikutaka kujibiwa. Lilisafiri kwenye ndoo yenye mfuniko, pampu ya betri ikipuliza hewa, mimi nimeibana ndoo kwa magoti ndani ya basi na kumwambia jirani yangu kwamba nimebeba samaki wa mboga.

Wakati wa kunikabidhi, mzee aliinamisha ndoo, akanionyesha kaa wawili wadogo, laini, wana vidoa vyekundu, wamejibana katikati ya matawi. "Mwanangu, hawa ni mtu na mkewe. Ndio wenyeji wake. Usiwatoe." Nikaitikia kama mtu anayeitikia hadithi za babu.

Haukupita muda, ncha za matawi zikaanza kuwa nyeupe. Kila asubuhi nilikuta sehemu nyingine imekwanguliwa, nyama imeondoka, mfupa uko wazi. Nikaweka kiti mbele ya kioo nikachunguza. Nikamwona nani? Wale wawili, mchana kweupe, miguu yao ikichokonoa nyama ya tumbawe na kupeleka kitu mdomoni. Nilishasoma mahali kwamba kaa mwenye ncha nyeusi za magando ni mla matumbawe. Ncha zao zilikuwa za kahawia. Chini ya taa ya bluu nikaziona nyeusi. Nilikuwa nazitaka ziwe nyeusi.

Nikawatoa kwa kibano na waya. Dume lilijitetea sana, likakamata waya, halikutaka kuachia. Nikawatia kwenye kikombe cha maji ya bomba. Kaa wa baharini hawezi maji baridi, na mimi nililijua hilo vizuri.

Tumbawe halikupona. Vumbi la mchanga lililokuwa likielea kwenye tangi sasa lilianza kutua kati ya matawi na kubaki hapo. Ute ukawa mzito, nyama ikaanza kuoza kutoka ndani, na zile alama nyeupe za usiku zikaendelea vilevile. Ndipo nikakaa chini kusoma sawasawa, kazi ambayo ilipaswa kutangulia kibano.

Kaa wale ni wa jamii ya Trapezia, na wapo kote Bahari ya Hindi. Nilichokiona ni kweli: wanakula kutoka kwenye tumbawe. Wanakula ute wake. Wao wanalipa kwa ulinzi na usafi: akija kiti cha pweza mwenye miiba, yule anayemaliza matumbawe, wanambana miguu mpaka ageuze njia, mchanga ukitua, wanautoa. Mwaka 2006 watafiti waliokuwa Moorea, kule Polinesia ya Ufaransa, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mimi nilikuwa nimelirudia sebuleni bila kujua. Waliweka baharini vipande vya matumbawe, vingine na kaa wake, vingine wamewaondoa. Mwezi haujaisha, kati ya asilimia 45 na 80 ya vile visivyo na kaa vilikuwa vimekufa. Vyenye kaa vyote vilibaki hai.

Mkosaji nilimpata usiku, kwa tochi niliyoifunga karatasi nyekundu, maana mwanga huo hauwashtui sana. Alitoka kwenye tundu la jiwe: mnene, mwenye manyoya mpaka miguuni, magando mafupi, meusi kwelikweli. Alikuwa humo siku zote. Niliegemeza glasi kwenye jiwe, ndani nikaweka kipande cha kamba mbichi. Akapanda, akatumbukia, kuta za glasi zikamteleza. Huyo sikumuua. Sasa anaishi kwenye tangi dogo la chini, anakula mabaki, amenenepa. Sijui kuieleza hukumu hiyo, ila baada ya kile kikombe mkono ulikuwa mzito.

Juzi juzi mzee alinipigia simu. Baada ya salamu za mvua na bei ya mafuta ya boti, akauliza kama wenyeji hawajambo.

"Hawajambo mzee, wanakusalimu."

Akafurahi. Akaniuliza kama jike limeshabeba mayai. Nikamwambia bado.