"Ni la Muda Tu"



Tangu tuanze kujadili kanisa la muda la kigango chetu kipya, tumesikia mara nyingi maneno haya: "Ni la muda tu." Hutamkwa pale mtu anapotaka nguzo zisichimbiwe kwa kina, au mbao zisipigwe dawa. Yametukumbusha ukumbi mmoja wa London.

Jiji hilo lilipojiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012, wapangaji waliona kwamba baada yake hapangekuwa na haja ya ukumbi wa mpira wa kikapu wenye viti 12,000. Huko Athens, baadhi ya viwanja vya michezo ya mwaka 2004 vilikuwa vimebaki vitupu. Wakaamua kujenga ukumbi wa kuondolewa. Kazi ilianza mwaka 2009, ikakamilika 2011: fremu ya chuma ya tani zipatazo 1,000, iliyofunikwa kwa turubai jeupe la plastiki.

Tutafakari kidogo kazi hiyo. Jengo la kudumu waweza kulimwagia zege ukaondoka. Jengo la kufunguliwa ladai uangalifu zaidi, kwani yampasa mhandisi ajue tangu kwenye karatasi kila kiungo kitafunguliwaje na kipande kipi kitashuka kwanza. Na juu ya hayo, kuta na paa vilipaswa kuhimili dhoruba, maana chini yake wangeketi maelfu ya watu.

Humo, tarehe 12 Agosti 2012, Ufaransa iliifunga Sweden 22 kwa 21 katika fainali ya mpira wa mikono ya wanaume. Mwezi uliofuata, katika Michezo ya Paralimpiki, Australia ilitwaa humo dhahabu ya raga ya viti vya magurudumu. Medali zile hazikuwa za muda. Mwaka 2013 ukumbi ukafunguliwa, ukaondolewa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Kitabu cha Kutoka chaeleza Hema la Kukutania, lililobebwa jangwani, hadi idadi ya vitanzi vya mapazia yake. Naye Mtume Paulo alikuwa fundi wa mahema.

Mzee mmoja wa kigango alituuliza: ikiwa kanisa la kudumu litachukua miaka kumi, yeye ataombewa Misa ya mazishi katika lipi? Hatukuwa na jibu jingine ila hilo la muda. Humo pia watoto watabatizwa, na vijana watafunga ndoa.

Hivyo tumependekeza kenchi zifungwe kwa boliti badala ya misumari, ili siku ya kuhama zishushwe zikiwa nzima na kupelekwa kigango kingine. Gharama itaongezeka, nasi twalijua hilo. Kamati ya ujenzi itakutana Jumapili baada ya Misa ya pili. Mafundi waje na vipimo vyao.