Mfarishi katika Nyumba ya Boriti

Anayetoka Mombasa kwenda Amu kwa gari hupita Malindi, Garsen na Witu, kisha hushukia Mokowe, na hapo hana budi kuacha gari na kupanda mashua. Safari hiyo tuliifanya mwezi wa Julai, kusi ikivuma. Tulifika gatini kanzu imelowa hadi magotini na furushi kubwa limo begani. Ndani yake mlikuwa na pamba ya mfarishi, ile iuzwayo ikiwa imetandazwa na kukunjwa kama zulia. Dada yetu, aliyeolewa Amu miaka mingi iliyopita, ndiye aliyeiagiza kwa simu. "Nduyangu, ukija niletee pamba. Ile ya kwanza imeharibika." Hakueleza imeharibika vipi, nasi hatukumdadisi.

Mji wa kale wa Amu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na wageni huja kutazama milango ya nakshi na madaka yenye baraza za mawe. Anayeishi ndani hujua jambo jingine: nyumba hizi ni nyembamba. Dari yake ya mawe na chokaa hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haibebi uzito huo ikizidi takriban mita 3. Basi hata tajiri aliyejenga kwa fahari hakuweza kukipanua chumba kuliko boriti yake. Alichoweza ni kukirefusha. Ukivuka daka na tekani ukatokea kiwandani, unakuta msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, vyumba virefu vimelala ubavu kwa ubavu kama vichochoro.

Mfarishi aliotaka kuushona dada yetu ulikuwa na upana wa mita 2 na urefu zaidi ya hapo. Binti yake alikuwa mja mzito, anakuja kujifungulia kwa mamake na kukaa arubaini yake palepale, na baridi ya kusi haikuwa na dalili ya kupungua. Lakini haraka haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa kanga zenyewe.

Zilikuwa kanga za mama yetu, Allah amrehemu. Alituacha sisi na dada tu, na katika vitu alivyoviacha mlikuwa na kanga doti 9. Kwa hesabu ya mirathi tulipata doti 6, naye akapata 3. Sisi, kwa pupa ya mtu apendaye kuona jambo la marehemu limekwisha, tulizitoa zetu sadaka kabla ya wiki kumalizika. Hatukumuuliza dada. Kisheria hatukuwa na haja ya kumuuliza, na hilo ndilo tulilolitegemea. Yeye aliziweka zake sandukuni, na mwaka huu akazikata vipande vya mraba, akaviunga vikawa kitambaa cha juu cha mfarishi.

Akina mama wasomaji wetu wanajua kuliko sisi kwamba kuunga vipande si kazi ngumu sana. Kazi ni kupiga bandi, yaani kuyashikiza matabaka matatu, bitana chini, pamba katikati na kitambaa juu, kwa mishono mirefu ya muda, ili yasitembee wakati wa kushona mshono wa kudumu. Bandi ikienda mrama, kila kitu juu yake huenda mrama. Dada yetu alijaribu kwanza katika chumba cha ndani. Vitanda viwili na sanduku vilikuwa vimemwachia ujia tu wa kupita mtu. Akautandika mfarishi nusu nusu, akauvuta huku, akausukuma kule, akipiga bandi kwa magoti. Alipomaliza akainua, na mkeka ukainuka nao. Alikuwa ameushonea mkekani.

Alifumua. Akapanda darini penye nafasi tele, na kusi ikamnyang'anya pamba ikaibwaga kwenye tope la uchochoro. Akaomba kutumia ukumbi wa madrasa moja siku ya mapumziko, akaambiwa ukumbi haukuwekwa kwa kazi hizo. Hapo alitutazama kidogo kisha akatazama pembeni, kwani anajua kuwa miaka ya nyuma, tulipokuwa na funguo za madrasa yetu, tuliwahi kuwajibu akina mama waliotaka kutandika magodoro yao kwa maneno yaleyale karibu neno kwa neno.

Basi akarudi ndani, akashona hivyo hivyo. Bitana ikajikunja chini asipoona. Alipougeuza alikuta mikunjo imeshonewa humo, mingine minene kama kamba. Katika kuifumua, kipande kimoja cha kanga iliyochakaa zaidi kikachanika katikati. Ndiyo siku aliyotupigia simu.

Ufumbuzi ulitoka kwa jirani, bibi wa makamo aliyekuja kumjulia hali. Alizungumza kutoka upande wa pili wa pazia, na tuliyasikia maneno yake vizuri. "Mwanangu, mkeka haushonwi umetandikwa. Ukili hukujia wewe, nawe umekaa palepale." Ni kweli. Mkeka, uwe mpana kiasi gani, huanza na ukili usiozidi kiganja, na mshonaji hauhitaji uwanja. Kilicho tayari hukikunja pembeni, kilichobaki hukivuta kije.

Kesho yake tulikwenda kwa seremala, tukamwomba mbao mbili nyembamba zilizopigwa randa, zilizonyooka, ndefu kidogo kuliko upana wa mfarishi. Dada akaipiga pasi bitana yake ya marekani, na kitambaa cha kanga pia, kwani mkunjo usioondolewa na pasi hauondolewi na kiganja. Bitana akaiviringisha kwenye ubao mmoja, kitambaa kwenye wa pili, akitumia mistari ya pindo kujua kama anakwenda sawa. Kisha akakaa katika msana wa yuu, mbao zimelazwa kwa urefu wa chumba. Na hapo ndipo tulipoona jambo lililotufurahisha: chumba kirefu chembamba, kilichomshinda wiki tatu, kilikuwa kana kwamba kimejengwa kwa kazi hii. Hakuhitaji zaidi ya pima moja ya upana.

Akafungua shibiri mbili za bitana, uso mzuri chini. Juu yake pamba, iliyobaki ikiwa imekunjwa nyuma ya mbao. Juu ya pamba akafungua kitambaa, uso juu. Akalainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni, bila kuvuta, maana kitambaa kilichovutwa hurudi baadaye na mikunjo yake. Chini ya yote alisukuma sinia kubwa lililofudikizwa, ncha ya sindano iteleze juu ya bati isishike mkeka tena. Mishono ilikuwa mirefu kama vidole vitatu, mistari ikiachana kiganja kimoja. Sisi tulipewa kijiko. Sindano inapogusa sinia, ukiiwekea ncha ya kijiko huinuka yenyewe, na vidole havichomwi. Tulishona kofia tulipokuwa wanafunzi, kwa hiyo sindano haikuwa ngeni kwetu, ila kijiko kilikuwa elimu mpya.

Tukiwa kazini tulimsimulia tuliyoyasoma juu ya Masidi wa Karnataka, kule India, watu wenye asili ya Afrika, ambao baadhi yao ni Waislamu. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa vipande vya nguo kuukuu juu ya sari. Huanzia ukingoni, huzunguka wakiongeza kipande baada ya kipande mpaka wakutane na katikati, na hawapigi bandi hata kidogo. Dada alisikiliza, akauliza kama nao wana vyumba vyembamba, kisha akavuta shibiri nyingine mbili.

Ilipofika laasiri tulikuwa tumepita nusu. Kilichoshikizwa kilikuwa kimelala mapajani mwake, laini chini kama juu. Ndipo kikafunguka kile kipande kilichochanika. Hakukiunga. Alikuwa amekitoa na kuweka mraba wa marekani mtupu, usio na ua wala jina, kati ya kanga za mama. Tukamwuliza kwa nini hakutuambia tumtafutie kanga.

"Kanga gani?" akasema. Akaulainisha ule mraba kwa kiganja. "Hapa ndipo pako, nduyangu. Shika kijiko."